Wachache Kule, Wengi Hapa

(Hotuba iliyotolewa Salt Lake City, jimbo la Utah, katika mkutano wa wazungumzaji wa Kiswahili. Imeandikwa yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.)

Wazee wetu, mama zetu, ndugu na dada, nanyi vijana mliojipanga karibu na mlango ili mwondoke mapema: hamjambo? Waislamu mliomo, asalaam aleikum. Wakristo wa makanisa mengine, Tumsifu Yesu Kristo, na Bwana asifiwe. Nautazama ukumbi huu na kuona kwamba washiriki wa kanisa langu si wengi humu, na jambo hilo linanifurahisha, kwa maana nililokuja kulisema linahusu hasa mabadiliko yanayompata mtu anapotoka upande wa wachache na kuingia upande wa wengi.

Waandalizi waliniomba nieleze jinsi Mmormoni asiye mkereketwa wa chama anavyoitazama siasa ya Marekani na utamaduni wake. Mniwie radhi kwa jina hilo. Tangu 2018 viongozi wetu wametuhimiza tutumie jina kamili, yaani Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, nami nalitumia ibadani na nyumbani. Lakini majirani zenu husema Wamormoni, magazeti husema Wamormoni, na sitaki nusu ya ukumbi idhani nazungumzia watu wengine. Nilizaliwa Nakuru, nikaja nchi hii kusoma, nikaolewa hapa, nikapata uraia. Katika karatasi moja ya kura nimewahi kuchagua wagombea wa Republican na wa Democratic, na watu wa pande zote mbili wameniuliza nitaacha lini kusitasita. Sisitisiti. Msimamo wa kati nao ni msimamo, na wa kwangu umetokana na historia ya kanisa langu katika nchi hii, historia ambayo wengi wanaosali nami wanaikumbuka nusu tu.

Wamormoni ni karibu asilimia 2 ya Wamarekani. Ukivuka mpaka wa jimbo hili, wewe ni mtu wa dini ngeni ambayo watu huichekea. Ukirudi Utah, gavana ni wa kanisa lako, wabunge wa jimbo walio wengi ni wa kanisa lako, na mwalimu wa mwanao huenda ni mtu mnayeketi naye benchi moja Jumapili. Mwislamu wa Mombasa anaielewa hali hii bila kuelezwa: mjini kwake ni mwenyeji, na katika Kenya nzima ni wa wachache. Je, mtu wa namna hiyo ajifunze nini kuhusu madaraka?

Nianze na nusu tunayoikumbuka vizuri. Kanisa letu liliundwa mwaka 1830 katika jimbo la New York, na mwaka uliofuata washiriki wake walianza kuhamia Missouri, ambako Joseph Smith, nabii wetu wa kwanza, alifundisha kwamba mji mtakatifu ungejengwa. Wenyeji waliwaogopa. Waliogopa imani yao, waliogopa kwamba watu hawa wa kaskazini wangevuruga utumwa, na waliogopa sana kura zao, kwa sababu Wamormoni walinunua ardhi pamoja na kupiga kura pamoja. Mnajua mapigano ya 1838 yalianzia wapi? Yalianzia penye kura. Tarehe 6 Agosti, katika mji mdogo wa Gallatin, kundi la wenyeji lilijaribu kuwazuia Wamormoni wasipige kura, ngumi na magongo vikatembea, na kabla miezi mitatu haijaisha gavana Lilburn Boggs alikuwa ametoa amri ya 27 Oktoba iliyosema kwamba Wamormoni lazima wahesabiwe kuwa maadui, na waangamizwe au wafukuzwe jimboni. Siku tatu baadaye wanamgambo waliwavamia watu wa Haun's Mill wakaua 17, mmoja wao mtoto wa miaka kumi aliyekuwa amejificha ndani ya karakana ya mhunzi. Maelfu wakakimbilia Illinois katikati ya baridi.

Mwaka uliofuata Joseph Smith alikwenda Washington kumwona Rais Martin Van Buren. Jibu, kama kumbukumbu zetu zilivyolihifadhi, lilikuwa kwamba madai yenu ni ya haki, ila siwezi kuwafanyia lolote. Van Buren alikuwa anazitaka kura za Missouri. Wangapi humu mmewahi kuambiwa maneno kama hayo, mmesimama mbele ya meza ya afisa na makaratasi yenu mkononi? Naona mikono, na naona wengine hawana haja ya kuinua mkono. Amri ya Boggs haikufutwa rasmi hadi 1976, gavana Christopher Bond alipoibatilisha na kueleza masikitiko ya jimbo lake. Miaka 138.

Hadithi hii watoto wetu huisikia tangu wadogo, na ni vyema waisikie. Lakini hata ndani yake kuna sehemu tunayoiruka. Tarehe 4 Julai 1838, kabla Boggs hajaandika neno, kiongozi wetu Sidney Rigdon alitoa hotuba ya Sikukuu ya Uhuru akisema kwamba umati ukitushambulia tena, vitakuwa vita vya kuangamizana. Neno la kuangamiza lilitoka kwanza kinywani mwetu, likatoka hadharani, likachapishwa na kusambazwa. Halihalalishi kifo cha mtoto yeyote. Linanifundisha tu kwamba mtu aliyeonewa anaweza kuwa na ulimi wa moto, na kwamba kila anayepanda jukwaani, hata jukwaa dogo kama hili la leo, ajue maneno yake yatafika asikotarajia.

Sasa nusu nyingine. Huko Illinois watu wetu walijenga mji wa Nauvoo. Walikuwa wengi humo. Joseph Smith alikuwa nabii, alikuwa meya, na alikuwa jenerali wa wanamgambo wa mji, na mwaka 1844 akajitangaza mgombea urais wa Marekani, akipendekeza, pamoja na mengine, kwamba serikali iuze ardhi ya umma ili iwanunulie watumwa uhuru wao kufikia 1850. Lilikuwa wazo bora kuliko ya wagombea wakubwa wa mwaka ule, nami nalitaja kwa fahari. Mwezi Juni wa mwaka huohuo, watu waliojitenga na kanisa walichapa gazeti wakimshutumu kwa ndoa za wake wengi zilizofanywa kwa siri na kwa kujirundikia madaraka. Baadhi ya waliyoyaandika yalikuwa kweli. Baraza la mji, yeye akiwa mwenyekiti, liliamua kwamba gazeti ni kero kwa umma, na tarehe 10 Juni mtambo wa kuchapia ukavunjwa na herufi zake zikamwagwa barabarani. Gazeti lilikuwa limetoka toleo moja tu. Kwa kosa hilo alifikishwa katika jela ya Carthage, na tarehe 27 Juni umati wenye nyuso zilizopakwa masizi ukapanda ngazi ukamuua yeye na kaka yake Hyrum.

Mauaji hayo ni jinai, na walioyafanya walistahili hukumu ambayo hawakuipata. Lakini nawauliza wenzangu wa kanisa: tulipokuwa wengi, tulikaa miaka mingapi kabla ya kumnyamazisha aliyetupinga? Sisi tuliofukuzwa Missouri kwa kuwa tofauti! Na mwaka 1857, tukiwa tumekwisha kufika huku Utah, tukiwa na hofu ya jeshi la serikali lililokuwa njiani kuja, wanamgambo wetu wa kusini waliua wasafiri wapatao 120 huko Mountain Meadows, wanaume, wanawake na watoto, wakabakiza wadogo 17 tu. Sitaeleza zaidi mbele ya watoto waliomo. Mnara upo mahali pale, na anayetaka kwenda, aende.

Ndugu zangu, lipo jambo jingine ambalo mtu mwenye ngozi kama yangu hawezi kulipita, hata akipenda. Kuanzia 1852 hadi 1978 kanisa langu liliwanyima wanaume Weusi ukuhani, ambao kwetu hupewa karibu kila mwanamume mwaminifu, na likawanyima wanaume na wanawake Weusi ibada za hekaluni. Wengi wanalijua hilo. Wachache wanajua lilitangazwa wapi. Brigham Young alilitangaza mbele ya bunge la eneo la Utah, ambalo halikuwa jimbo bado, katika kikao cha mwaka 1852 ambacho pia kilipitisha sheria ya kuruhusu utumwa hapa. Na aliyesema alikuwa rais wa kanisa na gavana wa serikali kwa wakati mmoja. Tazameni vizuri chumba kile. Sheria na mafundisho vilitoka katika kinywa kimoja, katika kikao kimoja, na mwishowe hakuna aliyeweza kuvitenganisha. Sheria ile ilikufa miaka kumi baadaye, Bunge la Marekani lilipopiga marufuku utumwa katika maeneo yote yasiyo majimbo. Mafundisho yalidumu miaka 126.

Je, hakuna aliyepinga? Alikuwepo. Orson Pratt, mtume (yaani mmoja wa viongozi wakuu wa kanisa letu) na mjumbe wa bunge hilohilo, alisimama akaipinga sheria ya utumwa, akatetea hata haki ya watu Weusi kupiga kura. Alishindwa. Akaendelea kuwa mtume, akaendelea kuabudu na waliomshinda. Wanaoniambia kwamba kumpinga kiongozi katika jambo la siasa ni kuikana imani, nawaomba waniambie Orson Pratt alikuwa nani.

Na alikuwepo Jane Manning. Alizaliwa huru, Mweusi, katika jimbo la Connecticut, akabatizwa, na mwaka 1843 akaanza safari ya kwenda Nauvoo pamoja na jamaa zake. Walipofika Buffalo walikataliwa kupanda chombo kwa sababu ya rangi yao, wakatembea kwa miguu mamia ya maili yaliyobaki. Yeye mwenyewe alisimulia uzeeni jinsi viatu vilivyoisha, nyayo zikapasuka, na damu ikabaki juu ya ardhi walipokanyaga. Joseph na Emma Smith walimpokea nyumbani kwao. Mwaka 1847 alikuwa miongoni mwa walioingia katika bonde hili tulilokaa jioni hii. Akaomba apewe ibada za hekaluni kama wenzake, akaomba tena, akawaandikia viongozi mmoja baada ya mwingine, na mwaka 1894 wakamfanyia ibada ya kipekee ya kumuunganisha na familia ya Joseph Smith milele akiwa mtumishi. Mtumishi, mama zangu! Hata hekaluni hakuruhusiwa kuingia; mtu mwingine alisimama badala yake. Alikufa mwaka 1908 akiwa bado mshiriki mwaminifu, na rais wa kanisa akazungumza katika maziko yake.

Huwa naulizwa na dada zangu Waafrika jinsi ninavyoweza kubaki katika kanisa lenye historia hiyo. Jibu la kiimani nitalitoa siku nyingine. Jibu la kisiasa ni hili: Jane alibaki bila kuacha kudai. Hakuondoka, hakunyamaza. Na mwezi Juni 1978 rais wa kanisa, Spencer W. Kimball, alipotangaza kwamba kizuizi kimeondolewa, kulikuwa na watu Nigeria na Ghana waliokuwa wamekusanyika miaka mingi chini ya jina la kanisa letu bila kuwa na mmishonari hata mmoja, wakingoja. Mwaka 2013 kanisa lilichapisha maelezo rasmi yaliyokataa sababu zote za zamani zilizotolewa kuhusu laana na ngozi. Si mwisho wa habari, lakini ni hatua iliyoandikwa, na mtu anaweza kuionyesha.

Mtu mmoja wa katikati ya historia hiyo ananivutia kuliko wengine, naye ni George Romney, baba yake Mitt Romney aliyegombea urais mwaka 2012. Alizaliwa mwaka 1907 nchini Mexico, katika makazi ya Wamormoni waliokuwa wamekimbia sheria za Marekani dhidi ya wake wengi. Mwaka 1912 mapinduzi yalipowafikia, familia yake ilikimbilia El Paso, Texas, ikiwa imeacha kila kitu. Alikuwa mkimbizi wa miaka mitano! Alikua, akawa mkuu wa kampuni ya magari, kisha gavana wa Michigan kwa tiketi ya Republican. Juni 1963 Martin Luther King alipoongoza maandamano makubwa Detroit, Romney hakwenda, kwa kuwa ilikuwa Jumapili, naye hakuwa akifanya siasa Jumapili. Alituma wawakilishi, na Jumamosi iliyofuata akaenda mwenyewe Grosse Pointe, mtaa wa matajiri Weupe, akaandamana na watu Weusi kudai haki ya kununua nyumba. Mwezi Januari 1964 mmoja wa mitume wa kanisa letu alimwandikia barua ya binafsi akimshauri apunguze mwendo katika habari za haki za kiraia. Romney hakupunguza. Hakupigana na mtume wake, hakulihama kanisa, na hakupunguza. Nikiulizwa mtu wa kati anafananaje, mimi simtafuti mtu anayesimama katikati ya barabara asijue aelekee wapi. Namwonyesha George Romney, aliyeshika Jumapili yake na Jumamosi yake.

Sasa nije kwenye vyama, kwa kuwa najua ndivyo vilivyowaleta wengine wenu.

Kwa miaka mingi katika karne ya 19, Utah haikuwa na Republican wala Democratic. Ilikuwa na chama cha Wamormoni kilichoitwa People's Party, na chama cha wasio Wamormoni kilichoitwa Liberal Party. Kanisa moja, chama kimoja. Wenye asili ya nchi zetu mnajua habari za chama na kabila kulala kitanda kimoja, na mnajua watoto wanaozaliwa. Washington haikutaka kulipokea jimbo la namna hiyo. Mwaka 1890 rais wa kanisa letu, Wilford Woodruff, alitangaza kusitishwa kwa ndoa za wake wengi, na mwaka 1891 viongozi walikivunja chama chao wakawaambia watu wajigawe katika vyama vya taifa. Wazee wa hapa wanasimulia kwamba askofu fulani alisimama mimbarani akanyoosha mkono katikati ya viti: upande huu mtakuwa Republican, upande huu mtakuwa Democratic, amina. Sijui kama kweli ilikuwa rahisi hivyo, na wanahistoria nao huitaja hadithi hiyo kwa tabasamu. Utah ikawa jimbo tarehe 4 Januari 1896.

Matokeo yake yalionekana mwaka huohuo. Wanawake wa Utah walikuwa wamepiga kura tangu 1870, Bunge la Marekani likawanyang'anya haki hiyo mwaka 1887, na sasa walikuwa wameirudishiwa. Daktari Martha Hughes Cannon, mke wa nne wa Angus Cannon, akagombea useneta wa jimbo kwa tiketi ya Democratic. Katika kinyang'anyiro hichohicho, kwa tiketi ya Republican, alikuwamo mumewe. Mke alipata kura nyingi kuliko mume, akawa seneta wa kwanza mwanamke wa jimbo lolote la Marekani. Naona kina baba mmekaa wima ghafla. Angus aliendelea kuwa mumewe, na kanisa likaendelea kuwa kanisa lao wote wawili. Seneta Martha akaanzisha mswada ulioleta bodi ya afya ya jimbo. Hivyo ndivyo kujigawa kwa vyama kulivyokusudiwa kufanya kazi.

Mtindo huo uliendelea muda mrefu. Ndani ya akidi (baraza) moja ya mitume aliketi Ezra Taft Benson, waziri wa kilimo wa Rais Eisenhower na mhafidhina mkali, na akaketi Hugh B. Brown, mtu wa Democratic. Mwaka 2012 Mitt Romney aligombea urais kwa Republican, na aliyekuwa akimshambulia kila wiki kutoka Seneti alikuwa Harry Reid wa Nevada, kiongozi wa Democratic, ambaye naye alikuwa Mmormoni. Si kila alichokisema Reid mwaka ule kilikuwa cha haki, lakini Reid aliendelea kuwa mshiriki wa kanisa.

Leo mtindo huo umedhoofika. Wapo watu katika kata zetu, yaani makusanyiko ya kanisa letu ya mitaani, wanaomwuliza mtu wa Democratic, wakinong'ona karibu na meza ya vyakula, inawezekanaje awe mwaminifu. Wapo pia vijana wa upande wa pili wanaomdhania kila mtu wa Republican kuwa mbaguzi kabla hajafungua kinywa. Kwa hiyo barua ya Urais wa Kwanza (rais wa kanisa na washauri wake) ya Juni 2023, iliyosomwa katika makusanyiko yetu nchini Marekani, ilinishangaza kwa ukali wake. Ilisema kwamba kuwapigia wagombea wote wa chama kimoja, au kufuata mazoea bila kuwachunguza, ni tishio kwa demokrasia na ni kinyume cha viwango vilivyofunuliwa. Yaani kile ambacho Watanzania waliomo walihimizwa kukiita mafiga matatu, viongozi wetu wamekiita tishio! Wangapi wameitii? Matokeo ya uchaguzi wa Utah yanaonyesha kwamba kazi bado ipo.

Naja kwenye jambo lililonifanya niikubali kazi ya kuzungumza leo. Katika Kitabu cha Mormoni, andiko letu takatifu, yupo jemadari aitwaye Moroni, aliyepandisha bendera ya uhuru. Oktoba 2020, katika mkutano wa kampeni huko Arizona, seneta wetu Mike Lee alimfananisha Donald Trump na jemadari huyo. Tarehe 6 Januari 2021, miongoni mwa waliovamia jengo la Bunge la Marekani, alikuwamo mtu aliyevaa deraya la kuigiza akijiita Kapteni Moroni. Sitamhukumu mtu yule. Mahakama ilikwisha kumhukumu. Najiuliza tu jinsi andiko ninalowasomea wanangu kitandani lilivyofika mlango ule.

Wakati huohuo, katika Arizona hiyohiyo, spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo alikuwa Rusty Bowers: Mmormoni, Republican, mhafidhina, aliyekuwa amemfanyia Trump kampeni. Baada ya uchaguzi wa Novemba 2020 alipigiwa simu na rais na mwanasheria wake, Rudy Giuliani, wakitaka atafute njia ya kuwabadilisha wajumbe wa uchaguzi (wanaolipigia jimbo kura rasmi ya urais) waliochaguliwa na wananchi. Bowers aliomba ushahidi. Aliuomba tena. Kwa ushuhuda wake mwenyewe mbele ya kamati ya Bunge, Juni 2022, Giuliani alifika kusema kwamba nadharia wanazo nyingi, ila ushahidi hawana. Bowers akakataa. Watu wakaja na magari yenye vipaza sauti na skrini nje ya nyumba yake, wakimwita majina ambayo siwezi kuyatamka hapa, na ndani ya nyumba hiyo binti yake alikuwa mgonjwa mahututi. Binti alifariki mwishoni mwa Januari 2021. Mwaka 2022 chama cha jimbo kilimkaripia rasmi, na katika kura ya mchujo ya Agosti akashindwa vibaya.

Aliiambia kamati kwamba ni sehemu ya imani yake kuamini kuwa Katiba ya Marekani ilivuviwa na Mungu, na kwamba kuivunja kwa sababu ameombwa ni jambo asiloliweza. Watu wawili, Kitabu cha Mormoni kilekile, mafundisho yaleyale. Mmoja akayavaa kama deraya akaingia nayo Bungeni. Mwingine akayatumia kujizuia mwenyewe, upande wake ulipokuwa na nguvu ya kufanya kosa. Mitt Romney alifanya jambo la aina hiyo tarehe 5 Februari 2020, alipokuwa seneta wa kwanza katika historia kupiga kura ya kumtia hatiani rais wa chama chake, akisema kiapo alichokula mbele ya Mungu kinamfunga. Hapa Utah alizomewa na watu wanaosali naye.

Mtaniuliza: na utamaduni? Nitagusia kidogo, maana saa inakwenda. Utamaduni wa Marekani humfundisha mtu kuchagua majirani wanaofanana naye, na teknolojia imelirahisisha hilo kupita kiasi. Kanisa langu lina utaratibu mmoja wa kizamani unaopingana na jambo hilo: huchagui kata yako. Mipaka hufuata mitaa, na unakaa na uliopangiwa, tajiri na maskini, mwenye bango la huyu na mwenye bango la yule, na kiongozi anaweza kukutuma ukamtazame mgonjwa ambaye jana mlibishana. Kwa mtu wa Nakuru, kuacha chai ya maziwa kwa ajili ya Neno la Hekima, mafundisho yetu yanayokataza chai, kulikuwa kugumu. Kupika chakula cha mfiwa ambaye siasa zake zinanikera ni kugumu zaidi, nami nimefanya yote mawili.

Utaratibu huo hutoa matunda mara chache, lakini hutoa. Mwaka 2008 kanisa liliwahimiza washiriki wa California kuunga mkono kura ya kupiga marufuku ndoa za jinsia moja, na familia nyingi za kanisa zenye watoto wa aina hiyo zilipasuka. Mwaka 2015, hapa Utah, viongozi wa kanisa na watetezi wa watu hao waliketi meza moja, ikatoka sheria inayokataza kumnyima mtu kazi au nyumba kwa sababu ya mwelekeo wake, na papo hapo inalinda taasisi za dini zisilazimishwe kutenda kinyume cha imani. Najua baadhi yenu mmekunja uso, na sikuja kumbadilishia mtu mafundisho ya dini yake. Nasema tu kwamba kila upande uliondoka ukiwa na kitu ulichokihitaji, na hakuna aliyelazimika kusema uongo kuhusu anachoamini.

Na wakimbizi? Desemba 2015 Trump, akiwa mgombea, alipopendekeza Waislamu wazuiwe kuingia nchini, kesho yake kanisa letu lilitoa taarifa fupi likirejea maneno ya Joseph Smith ya 1843, kwamba yuko tayari kufa akitetea haki za mtu wa dhehebu jingine lolote. Oktoba 2019 gavana Gary Herbert, Republican, alimwandikia Rais Trump akiomba Utah iletewe wakimbizi zaidi. Herbert ni mjukuu wa wale wa Missouri kwa imani, na alikumbuka. Januari 2025 mlango ulifungwa tena, na humu ndani wapo watu ambao jamaa zao walikuwa wamekwisha kupewa tarehe ya ndege. Kwenu ninyi sina hotuba. Nina swali kwa wenzangu wa kanisa: gavana aliandika barua, kata zetu zimeandika ngapi?

Nimeambiwa nimalize, kwa hiyo niseme la kufanya. Ambao bado hamjapata uraia, msijiandikishe kupiga kura kwa namna yoyote, hata mtu akiwapa fomu barabarani kwa tabasamu. Ni kosa la jinai na linaweza kuwaharibia kila kitu. Lakini kuzungumza na mbunge wa jimbo hakuhitaji uraia. Bunge la Utah hukutana siku 45 tu, kuanzia Januari, na milango ya kamati zake iko wazi kwa umma. Ambao ni raia, mikutano ya vyama ya mitaani hufanyika Machi katika mwaka wa uchaguzi, mara nyingi katika madarasa ya shule zenu za jirani, na wanaohudhuria ni wachache kiasi kwamba familia mbili kubwa za Kikongo zinaweza kumchagua mjumbe. Mwaka huu nitakwenda wa mtaani kwangu. Anayetaka wa Republican, dada aliyeketi pale mbele mwenye kitenge cha kijani ataongozana naye. Anayetaka wa Democratic, amwone mumewe.